Maji yameshatoka ndani ya nyumba, sasa anza hivi

Mvua ikipiga siku tatu nne mfululizo ardhi inashiba, haimezi tena, yote inayonyesha baada ya hapo inakimbia juu juu kutafuta bonde, ndo maana mafuriko ya ghafla yanakukuta ndani ya saa chache tu. Kukimbia watu wanajua. Wanaumia wakirudi.

Njiani ukikuta maji bado yanatembea usivuke jamani, sentimita 15 za maji yenye kasi zinamwangusha mtu mzima, 30 zinaweza kuinua gari dogo, na huwezi kuona kama barabara chini ipo au imeshachukuliwa.

Ukifika usiingie kwanza, zunguka nje uangalie ufa mpya, msingi uliochimbwa, waya uliolala chini, unuse kama kuna gesi. Halafu umeme, na hapa naomba unisikilize: usiguse swichi kubwa ukiwa umesimama kwenye maji, hata kama mtaa mzima uko giza, maana umeme haupigi hodi ukirudi. Kama kuifikia lazima ukanyage maji iache, ita fundi. Soketi iliyozama ukiichungulia kwenye vitundu vyake utaona tope limejaa, nje limekauka ndani bado bichi, kwa hiyo usichomeke kitu mpaka ifunguliwe. Friji nayo hivo hivo.

Piga picha kila kitu kabla hujahamisha, pamoja na ule mstari wa maji ukutani, utahitaji ushahidi ukiomba msaada au bima.

Tope litoe likiwa bichi. Likikauka linashika kama saruji, na vumbi lake unalivuta kifuani wakati limebeba uchafu wa vyoo, mafuta na mizoga. Vaa buti na glavu, misumari na vioo vimejificha humo. Osha kwa sabuni kwanza ndo upake klorini, ukiimwaga juu ya tope unapoteza dawa tu, na usiichanganye na dawa nyingine ya usafi, mvuke wake unaweza kukuua.

Godoro sasa. Hata ukiliweka juani siku tatu, ukilikandamiza kwa kiganja maji ya kahawia bado yanaweza kuchuruzika. Ukungu unaanza ndani ya saa 24 mpaka 48, kwa hiyo litupe, najua inauma hasa likiwa la mtoto, ila kumlaza hapo ni kumtafutia kifua.

Maji ya kisima kilichofunikwa na mafuriko usinywe mpaka kisafishwe. Tafuta maji mengine, uyachemshe mpaka yatokote kabisa angalau dakika moja. Kama huna moto tumia klorini ya kufulia isiyo na manukato, ya asilimia 5 hadi 6, matone 2 kwa lita, na kama maji si maangavu yachuje kwa kitambaa uweke 4, koroga, subiri nusu saa. Jenereta ikae nje, mbali na madirisha, moshi wake unaua watu usingizini.

Na wiki moja au mbili baadaye ukipata homa, kichwa na misuli ya miguu inauma, nenda hospitali na umwambie daktari mwenyewe kwamba ulitembea kwenye maji ya mafuriko, maana kuna ugonjwa unaotokana na mkojo wa panya unaofanana na homa nyingine zote, usipomwambia anaweza asiufikirie kabisa.