Kujikinga na malaria na mbung'o South Luangwa

Ukipanga kwenda kutazama wanyama katika Hifadhi ya Taifa ya South Luangwa, mashariki mwa Zambia, mwone daktari mapema, kwa kuwa malaria huko ipo mwaka mzima. Dawa ya kinga haikomi siku ya kurudi: doxycycline, kwa mfano, humezwa kila siku kwa wiki 4 zaidi, na kuikatiza ni hatari kubwa. Jioni vaa mikono mirefu, jipake dawa ya kufukuza mbu, kisha lala ndani ya chandarua kilichochomekwa vyema chini ya godoro. Mchana wapo mbung'o, waenezao malale, ambao huvutwa na nguo za buluu na nyeusi na huuma hata kupitia kitambaa chepesi. Ukipata homa, hata miezi kadhaa baadaye, kapime siku hiyo hiyo na umweleze daktari ulikokuwa.