Klabu Ikitaka Uwanja Wake: Anzeni na Ardhi na Maji

Klabu inayokodi Bukhungu au uwanja mwingine wa kaunti hufuata ratiba ya mwenye uwanja. Ukiwa wenu, mlango, mabango na vibanda vya chai ni mapato yenu, na gharama za nyasi pia ni zenu, hata msimu ukiisha.

Fanyeni upekuzi ofisi ya ardhi, mjue mwenye kiwanja ni nani, kabla ya kulipa chochote. Hatimiliki iandikwe kwa wadhamini waliosajiliwa, kamwe si kwa mwenyekiti: akifariki, uwanja utaburutwa kwenye mirathi.

Uwanja wa mita 105 kwa 68, pamoja na mita 5 kila upande, humeza ekari 2 na robo. Tafuteni 5 mpate majukwaa, vyoo na maegesho. Magoli yatazamane kaskazini na kusini, la sivyo jua la saa kumi na moja litampiga kipa machoni.

Penye shida kubwa ni udongo. Ule mweusi wa nyanda za Kano, Kisumu, hupasuka kiangazi na kunata masika. Mkipanda nyasi juu yake, mechi ya kwanza ya Aprili itachezwa kwenye tope. Ondoeni sentimita 30, mjaze kokoto chini na mchanga juu. Hiyo ni zaidi ya safari 200 za lori la mita 10 za ujazo. Katikati painuke sentimita 34 kuliko kingo, maji yatiririke mitaroni.

Nyasi zikishika, mechi zisizidi 3 kwa wiki. Mbele ya magoli ndipo huanza kuwa kipara.