Likizo ya familia kwenye boti ya tanga: Mwanza hadi Nansio bila papara

Mwongozo huu ni wa wazazi wanaotaka kulala Ziwa Victoria na watoto siku kadhaa, kutoka Mwanza hadi Nansio, mji wa kisiwa cha Ukerewe, kwenye boti ya tanga yenye kijichumba, injini ndogo ya akiba na watu wazima wawili wanaojua kushika usukani. Kama hujawahi kutweka tanga, jifunze kwanza ndani ya Ghuba ya Mwanza na mtu mzoefu. Watoto wabaki nyumbani hadi uive.

Hatua ya 1: Chagua majira

Likizo ya Juni ndiyo ninayoipendekeza. Masika yameshapita, vuli bado, na mvua za radi zimepungua. Radi nyingi za ziwa hili huzaliwa usiku juu ya maji na huwa kali alfajiri, saa ile ile unayotaka kung'oa nanga. Desemba watoto wako likizo pia, lakini anga la Desemba silipendi. Juni nayo ina upepo wa kusi, na mawimbi ya ziwa ni mafupi na yamesimama wima, yanachosha tumbo kuliko ya bahari. Kila asubuhi soma utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa (TMA). Ukitaja upepo mkali, siku hiyo ni ya karata na hadithi bandarini.

Hatua ya 2: Majaketi kabla ya mizigo mingine

Jaketi la mtoto huchaguliwa kwa kilo zake, si kwa "atakua tu". Liwe na mkanda wa kupita katikati ya miguu. Bila huo, mtoto akianguka majini jaketi hupanda hadi masikioni naye anateleza chini. Mvalishe, mshike mabegani mwa jaketi, mnyanyue. Likimtoka, rudisha dukani.

Sheria yetu ni moja: ukitoka chumbani, jaketi liko mwilini, nanga imeshika au haijashika, baba yupo au hayupo. Watu wazima nao wavae. Mtoto hafuati unachosema, anafuata unachovaa.

Hatua ya 3: Chakula kisichohitaji friji

Beba michembe na matobolwa (viazi vitamu vilivyokaushwa), dagaa wakavu, unga, maharage, vitunguu, ndimu. Samaki wabichi utawapata mialoni, fukweni wavuvi wanapoteremsha samaki. Sato wa asubuhi hana mpinzani. Mtungi wa gesi ukae juu, kwenye hewa. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa. Ikivuja chumbani hushuka ngamani, chini kabisa ya boti, na kungoja cheche. Jiko la mkaa ndani ya chumba, hapana kabisa.

Hatua ya 4: Ondoka na upepo wa nchi kavu

Hapa ndipo ratiba nzima inapoamuliwa. Usiku ardhi hupoa haraka kuliko ziwa, hivyo upepo hutoka nchi kavu kuelekea majini hadi asubuhi. Jua likishapanda, ardhi inapata moto na upepo unageuka, unatoka ziwani. Sisi tuko upande wa kusini, kwa hiyo asubuhi unasukumwa kaskazini, na alasiri upepo unakupiga usoni kama bado unakwenda Ukerewe. Wavuvi wa tanga wanaishi kwa mgeuko huo: wanatoka na upepo wa nchi, wanarudi na wa ziwa.

Kwa hiyo toka Capri Point, rasi ya mjini Mwanza, mara tu kukipambazuka na usiwe na uchu wa kufika Nansio siku hiyo hiyo. Ni karibu kilomita 50. Kwa boti ndogo ni siku nzima, na nusu yake mtakuwa mnabisha upepo, yaani kukata kushoto na kulia dhidi yake, huku watoto wanatapika. Lala maeneo ya Kayenze au kisiwa cha Bezi, kisha asubuhi ya pili vuka mdomo wa Ghuba ya Speke.

Mweke mtoto mkubwa omo, mbele ya boti, kama mlinzi, amefungwa mkanda wake kwenye kamba ya usalama, kazi yake kutafuta maboya ya nyavu za makila, zile za kutega. Mara nyingi ni chupa au dumu kuukuu linaloelea. Kazi hii wanaipenda kuliko simu.

Usisafiri usiku. Kuna nyavu usizoziona, na mwezi ukiwa haupo ziwa linajaa taa za wavuvi wa dagaa hadi hujui ipi ni ya mtumbwi na ipi ya ufukweni.

Hatua ya 5: Tia nanga ukifikiria usiku

Unafika mchana, upepo wa ziwa umelaza boti vizuri, kila mtu anafurahi. Saa nane za usiku upepo umegeuka na boti imezunguka upande wa pili wa nanga. Kuna nini huko? Mwanza ni mji wa mawe, na mawe hayaishii ufukweni. Kabla ya kulala, zunguka taratibu na kamba ya kupimia kina, upime duara lote ambalo boti inaweza kulifikia. Toa kamba ya nanga angalau mara tano ya kina, saba kukiwa na upepo. Funga pia kamba nyembamba yenye boya kwenye kichwa cha nanga. Ikinasa kati ya mawe, utaivuta kwa nyuma.

Kaa mbali na matete, maana huko kuna viboko na mamba. Chandarua kifungwe kabla giza halijaingia.

Hatua ya 6: Maji

Maji ya ziwa hayana chumvi, na hapo ndipo wageni wanapodanganyika. Ya kunywa beba kutoka nyumbani, lita nne kwa mtu kwa siku. Ukilazimika kuchota, chota mbali na mwalo, penye kina, uchemshe hadi yatokote. Pakiwa na utando wa kijani kama rangi ya ukuta iliyomwagika, usichote: sumu ya mwani ule haiondoki kwa kuchemsha.

Ya kuogea tunachota ziwani kwa madumu matatu: jekundu, bluu na jeupe. Moja lina maji ya leo, moja ya jana, moja ya juzi, na watoto huoga ya juzi tu. Vijidudu vya kichocho hutoka kwa konokono wa maji ya kina kifupi na hufa vikikosa mwili wa kuingia. Siku mbili kwenye dumu zinatosha. Ndiyo sababu pia haturuhusu kuchezea maji ya ufukweni, hasa mchana.

Hatua ya 7: Mkisharudi

Hata mkijihadhari, wapeleke watoto kupimwa kichocho. Usiende wiki ya kwanza, kwa sababu mayai ya minyoo hayajaanza kuonekana na prazikwanteli, dawa ya kichocho, haiui vizuri minyoo michanga. Subiri wiki sita hadi nane, ila mtoto akipata homa au kuwashwa mwili kabla ya hapo, mpeleke mara moja na mwambie daktari mlikuwa ziwani.