Kujenga ndege ndogo nyumbani: anzia mkiani

Ukinunua seti ya ndege ya alumini ya kujiundia, usianze na mabawa hata kama yamefika kwanza. Anza na mkia. Unaenea mezani, na ukiharibu bati lake hasara si kubwa. Kazi yenyewe ni ileile inayokusubiri ndege nzima: kutoboa matundu na kugonga ribiti (vipini vya chuma vinavyopondwa ili kuunganisha mabati), maelfu kwa maelfu.

Hatua ya 1. Kabla ya kununua chochote, onana na mamlaka ya usafiri wa anga. Marekani, kwa mfano, hutaka zaidi ya nusu ya kazi iwe imefanywa na watu wanaojenga kwa kujifunza au kujiburudisha. Piga picha za kazi yako tangu siku ya kwanza.

Hatua ya 2. Panga vipande, vishike kwa kleko (vile vibanio vya muda vinavyopita tunduni), kisha toboa vyote vikiwa pamoja. Ribiti ya milimita 3.2 hutaka tundu la 3.3 hivi. Kitovu cha tundu kiwe angalau milimita 6.4 kutoka ukingoni, mara mbili ya kipenyo cha ribiti. Ukiukaribia ukingo zaidi ya hapo, bati huweza kuchanika.

Hatua ya 3. Tenganisha vipande, ondoa makali yaliyobaki kwenye matundu, lainisha kingo. Inachosha, na ndiyo maana watu huiruka. Usiiruke! Ufa huanzia penye mkwaruzo, halafu mtikisiko huukuza. Alama weka kwa kalamu ya wino. Penseli ina grafiti, nayo husababisha alumini kulika.

Hatua ya 4. Paka praima (rangi ya kwanza ya kukinga bati), rudisha kleko, gonga. Mmoja ashike nyundo ya hewa upande wa kichwa cha ribiti, mwenzake akaze chuma kizito upande wa pili. Kabla ya kugongwa, ribiti itokeze milimita 4.8; ikishapondwa ibaki na upana wa 4.8 na kimo cha 1.6. Iliyopinda toboa kichwa chake, kivunje, usukume shina litoke. Kasoro ikiwa ndogo mimi huiacha, maana tundu lililopanuka ni baya kuliko ribiti isiyopendeza.

Hatua ya 5. Kabla ya kufunika bati la mwisho, hesabu zana zako na umulike ndani kwa tochi. Kleko moja iliyosahaulika humo inaweza kukwamisha usukani angani.