Namna ya Kutambua na Kupunguza Maumivu ya Viungo kwa Mabinti wa Sarakasi

Mwalimu anayefundisha sarakasi au kuandaa halaiki ya shule hapa Kigoma husikia malalamiko ya maumivu mara kwa mara, na kosa kubwa ni kuyahesabu yote kuwa uchovu. Binti wa miaka 10 hadi 14 bado anakua. Karibu na ncha za mifupa yake mirefu kuna tabaka laini la ukuaji, dhaifu kuliko mfupa wenyewe, ambalo huumia upesi anaporuka na kutua au kubeba uzito wa mwili kwa mikono siku baada ya siku.

Mwombe aonyeshe panapouma. Anayesugua paja zima kwa kiganja siku moja au mbili baada ya mazoezi magumu, kwa kawaida ana uchovu wa misuli utakaokwisha wenyewe. Lakini anayegusa kwa kidole kimoja mahali pale pale kila mara, iwe karibu na kifundo cha mkono upande wa dole gumba, nyuma ya kisigino au chini ya pia ya goti, mwondoe katika zoezi linalomuumiza. Usimpe dawa ya maumivu ili aendelee, wala usimchue kisha ukamrudisha uwanjani, kwa kuwa dalili itafichika huku jeraha likizidi.

Kiuno ndicho kinachonitia wasiwasi zaidi. Kupinda kinyumenyume mara nyingi, kama katika zoezi la daraja (viganja na nyayo chini, tumbo likiinuliwa juu), kunaweza kutia ufa mdogo katika pingili ya chini ya mgongo, na wakati mwingine chanzo ni mabega yaliyokaza. Msimamishe binti mgongo ukigusa ukuta, visigino vikiwa mbele kidogo, kisha ainue mikono iliyonyooka hadi ifike ukutani. Kiuno kikiachana na ukuta kabla mikono haijafika, fanyia kazi kwanza mabega na misuli ya tumbo, daraja lisubiri.

Wapo pia ambao kiwiko hupinda kinyume na dole gumba hulala juu ya kigasha cha mkono bila shida. Hao huwapendeza walimu kwa wepesi wa kupiga msamba, basi huzidi kunyooshwa, ilhali wanachohitaji ni nguvu ya misuli ya kushikilia viungo. Kumkalia mtoto mgongoni ili msamba ushuke kukomeshwe kabisa.

Weka alama ya urefu wa kila binti ukutani kila baada ya miezi 3. Katika kilele cha ukuaji anaweza kuongezeka takriban sentimita 8 kwa mwaka, na kipindi hicho punguza miruko na kusimama kwa mikono. Mchanga wa ufukweni uliochimbuliwa, ukasawazishwa na kuondolewa mawe, ni afadhali kwa kutua kuliko udongo mgumu wa uwanja wa shule, mradi magoti yakunjwe bila kuelekeana. Chakula nacho kitoshe, dagaa wakiwemo. Binti ambaye hedhi yake imekatika miezi 3 aonwe na daktari.

Maumivu yakizidi wiki mbili, yakimwamsha usiku, au kukiwa na uvimbe au ganzi miguuni, mpeleke kituo cha afya au Hospitali ya Maweni. Akiruhusiwa kurudi, aanze na nusu ya mazoezi yake ya zamani, na aongezewe tu ikiwa kesho yake hakuamka na maumivu.