Kupaka rangi vijisanamu na mashetani wadogo, hivi ndo mi nafanya

Mi mapenzi yangu ni vijisanamu vinavyoenea kiganjani, na hasa vile viumbe ambavyo havipo duniani, mashetani wa kimakonde wenye masikio makubwa na tumbo mbele, chura mwenye pembe, samaki mwenye miguu. Sasa wengi wanapaka rangi moja kichwani nyingine mwilini wanamaliza, halafu wanashangaa mbona kimekaa tu hakina uhai. Sababu ni kivuli. Mtu mzima akisimama juani, chini ya kidevu na kwapani panakuwa giza penyewe, ila kitu cha sentimita 5 hakiwezi kujitengenezea giza la kutosha, mwanga wa sebuleni unakizunguka tu, kwa hiyo hilo giza na huo mwanga inabidi uvipake wewe kwa mkono wako, na uvizidishe kuliko unavyodhani inafaa.

Kinyago cha mpingo usikiguse, kile urembo wake ni mti wenyewe. Tafuta mbao laini au udongo uliokauka vizuri, piga msasa mlaini, futa vumbi lote, kisha kigundishe juu ya kifuniko cha chupa ili ushike kifuniko na sio kinyago, mafuta ya vidole yanafanya rangi isishike. Kisha paka praima, yaani rangi ya msingi inayosaidia rangi nyingine zishike: nyeupe kama unataka njano na nyekundu ziwake, nyeusi kama kiumbe chako ni wa gizagiza.

Rangi, mi natumia akriliki, ile rangi ya kuchanganywa na maji, maana inakauka haraka na brashi inaoshwa kwa maji. Mafundi wa Tingatinga, ile michoro ya Kitanzania ya wanyama wenye rangi kali, wao wanatumia rangi ya mafuta, inang'aa vizuri sana kwa kweli, ila inachelewa kukauka na harufu yake ni kali, ukiitumia fungua madirisha. Na usije ukapaka akriliki juu ya rangi ya mafuta, itabanduka.

Ongeza maji kidogo kidogo mpaka rangi iwe nyepesi kama maziwa, paka, acha ikauke, paka tena. Mipako miwili myepesi inashinda mmoja mzito kila siku, mzito unafunika michongo yote na ndo michongo unayoihitaji hatua inayofuata, maana hapo unachukua rangi ya giza, unaizimua kwa maji mengi zaidi, unaimwaga juu ya kiumbe iingie yenyewe kwenye mikunjo na mifereji, sehemu ikizidi unainyonya na ncha ya brashi safi. Ikishakauka chukua brashi ya zamani, chovya rangi ya mwanga, ifute kwenye kitambaa mpaka ubaki karibu hamna kitu, halafu pitisha haraka haraka juu ya magamba, pua, magoti. Zile sehemu zilizoinuka tu ndo zinashika. Hii hatua naipenda kuliko zote, kiumbe kinaamka mbele yako.

Kuhusu giza la kila rangi: njano usiitie nyeusi, inageuka kijani chafu, itie kahawia. Nyekundu nayo ukiipa mwanga kwa nyeupe inakuwa pinki, ipe rangi ya chungwa.

Kama hujui kiumbe chako kiwe na rangi gani, angalia wanyama wa kweli. Kuna yule mjusi wa kwenye mawe, dume lake kichwa chungwa mwili bluu, ukimpa shetani wako rangi hizo anakubali kabisa. Papa na swala mgongo ni mweusi zaidi ya tumbo, fanya hivyohivyo hata kwa dudu la kubuni na jicho la mtazamaji litaliamini. Na tazama kazi za marehemu George Lilanga, msanii wa Kitanzania aliyefariki 2005, mashetani wake wamejaa rangi kali na madoa lakini hawachanganyi macho, kila umbo unalisoma. Madoa madogo mi natumia kijiti cha meno, kinatoa doa la duara safi kuliko brashi.

Brashi namba 1 yenye ncha nzuri inatosha karibu kwa kila kitu, zile nyembamba mno rangi inakauka kabla haijafika. Rangi isipande mpaka kwenye chuma kinachoshika nywele za brashi, na brashi usiiache imesimama kwa nywele ndani ya kopo.

Macho mwisho: paka jicho lote jeusi kwanza, weka nyeupe ndani ukiacha ukingo mweusi, kisha mboni. Mboni ikigusa kope la juu kiumbe anatulia, ikielea katikati anaonekana kashtuka.

Vanishi ya kupuliza usiitumie siku yenye unyevu, huku pwani wakati wa masika inaganda na ukungu mweupe juu ya kazi yako yote, bora vanishi ya brashi isiyong'aa. Ikikauka, weka tone la ile inayong'aa kwenye macho na ulimi tu, uache mpaka kesho ndo ukitoe kwenye kifuniko.