Kivuko cha wazee: pima kwanza, ndo uombe

Kama mtaani kwenu zebra ipo ila wazee bado wanavuka huku wanapigiwa honi, chukua tepu upime upana wa barabara halafu gawanya kwa 0.8, maana mzee wa mkongojo anatembea kama mita 0.8 kwa sekunde na wengine chini ya hapo, wakati taa nyingi za kuvukia zinapangwa kwa mita 1.2. Barabara ya mita 14 inataka sekunde 17 na nusu, sio 12, na hizo karibu sita zinazopungua ndo bodaboda anamkuta babu katikati. Singapore tangu 2009 mzee anagusisha kadi yake kwenye nguzo ya taa, anaongezewa sekunde 3 mpaka 13.

Hapa Bongo ombeni kisiwa cha katikati, upana mita 2 hivi, bibi aangalie kulia, avuke nusu, apumzike, ndo aangalie kushoto. Mi naona kinasaidia kuliko bango lolote. Na zebra ipandishwe iwe tuta bapa, gari itapunguza tu itake isitake, na mtu hashuki ukingo na goti bovu.

Kwa madereva wazee: michoro ya barabarani iwe ya rangi inayong'aa usiku, kibao kikubwa kiwekwe mapema, na matawi yanayokiziba yakatwe (hili halihitaji bajeti jamani).

Barua pitisheni kwa mwenyekiti wa mtaa, barabara za mtaani ziko chini ya TARURA (wakala wa barabara za vijijini na mijini), kuu ziko chini ya TANROADS (wakala wa barabara kuu), ambatanisheni vipimo na picha.